Jina Linaloeleza Bidhaa ni Mali ya Nani?

Makusudi ya somo hili ni kumwezesha katibu wa chama, mjumbe wa bodi na mwanachama wa kawaida kufahamu mambo matatu. Kwanza, kwa nini jina linaloeleza bidhaa huwa dhaifu mbele ya sheria. Pili, namna mahakama zilivyoamua magomvi ya majina ya aina hiyo. Tatu, hatua zinazofaa kuchukuliwa kabla chama hakijachapisha lebo yake ya kwanza. Inafaa somo lisomwe na kikundi, na maswali yaliyo mwishoni yajadiliwe kabla ya mkutano wowote utakaochagua jina la bidhaa.

MFANO WA VYAMA VIWILI

Ichukuliwe kuwa chama kimoja cha msingi cha wafugaji nyuki, katika nchi ya miombo, kimeacha kuuza asali kwa debe na kuanza kuiuza katika chupa. Mkutano Mkuu umekubali jina "Asali Safi". Wanachama wote wamelipenda jina hilo, kwa kuwa linasema kweli na kila mnunuzi hulielewa mara moja. Kwa muda wa miaka sita chama kimesimamia usafi wa mizinga, kimechuja asali kwa uangalifu na kimelipia lebo na chupa. Wenye maduka mjini wameizoea bidhaa hiyo.

Katika mwaka wa saba chupa nyingine zinatokea sokoni zikiwa na maneno yale yale, "Asali Safi". Baadhi yake zinatoka kwa chama jirani, ambacho nacho huuza asali njema. Nyingine zinatoka kwa mfanyabiashara ambaye asali yake imechanganywa na maji ya sukari, na bei yake ni ya chini. Wanunuzi waliodanganyika wanaleta lawama kwa chama cha kwanza. Mauzo yanashuka, na malipo ya wanachama yanapungua.

Mkutano unaitishwa. Mwanachama mmoja anasimama na kusema: "Ndugu Mwenyekiti, jina ni letu, sisi ndio tulioanza kulitumia. Twendeni mahakamani." Mwingine anaongeza kwamba hata chama jirani kishtakiwe, maana aliyechukua kisicho chake ni mwizi hata akiwa ndugu. Wote wanamtazama katibu, na katibu anatakiwa kujibu.

Jibu la kweli haliwezi kuwafurahisha wote. Chama hicho kina haki juu ya kazi yake, juu ya sura ya chupa na lebo yake, na juu ya sifa njema kiliyoijenga kwa wanunuzi. Lakini juu ya maneno mawili "asali" na "safi" hakina haki ya pekee, na yamkini hakitakuwa nayo kamwe. Sababu ya jambo hili ndiyo kiini cha somo.

AINA NNE ZA MAJINA

Katika sheria ya alama za biashara majina hayana nguvu sawa. Yanaweza kupangwa katika ngazi nne, kuanzia lililo dhaifu kabisa hadi lililo imara.

(a) Jina la kitu chenyewe. "Asali" ni jina la asali, na "kahawa" ni jina la kahawa. Jina la namna hii haliwezi kumilikiwa na muuzaji yeyote wa kitu hicho, hata akilitumia kwa miaka mia.

(b) Jina la kueleza. Hili hutaja sifa, namna, kazi, kiasi au mahali pa asili pa bidhaa. "Asali Safi", "Unga Mweupe", "Sabuni ya Kufulia" na "Maziwa ya Mlimani" ni mifano. Jina la aina hii haliwi mali ya mtu mmoja, isipokuwa pale ambapo limetumiwa kwa muda mrefu na kwa wingi hata wanunuzi wakaacha kulisikia kama maelezo, wakalisikia kama jina la mwuzaji fulani. Kuthibitisha hivyo ni kazi nzito, kama hukumu zitakavyoonyesha.

(c) Jina la kudokeza. Hili halitaji sifa waziwazi, bali humfanya mnunuzi afikiri kidogo. Asali ikiitwa "Mchana Kutwa", mnunuzi atakumbuka juhudi ya nyuki, lakini neno lenyewe halimwambii kilichomo ndani ya chupa. Jina la namna hii huweza kusajiliwa bila matata makubwa.

(d) Jina la kuazima au la kubuni. Hapa neno la kawaida huchukuliwa mahali lisipohusika, kama asali kuitwa "Nanga", au neno jipya hubuniwa lisilokuwako katika lugha. Hili ndilo jina imara kuliko yote. Hakuna mwuzaji mwingine wa asali anayehitaji neno "nanga" ili aweze kueleza bidhaa yake. Kwa hiyo akilitumia, ni rahisi kuona kwamba amekusudia kujipatia faida ya jina la mwenzake.

Hapo ndipo ilipo hekima ya sheria. Maneno yanayoeleza bidhaa ni kama kisima cha kijiji: kila mmoja ana haki ya kuteka, na hakuna aruhusiwaye kukizungushia ua. Kama chama kimoja kingepewa maneno "asali safi" yawe yake peke yake, chama kingine chenye asali iliyo safi kingeiitaje? Kingelazimika kunyamaza juu ya ukweli wa bidhaa yake, au kulipa ili kiruhusiwe kusema kweli.

Wako wanaodhani wanaweza kukwepa sheria hii kwa hila ndogo: kubadili herufi moja, kuunganisha maneno mawili yawe moja, au kulitafsiri jina kwa Kiingereza. Hila hizo hazisaidii sana. Neno likisikika vile vile masikioni na kubeba maana ile ile, msajili huliangalia kama neno lile lile.

HUKUMU NNE ZA KUZINGATIA

Mahakama za Tanzania na Kenya zilirithi misingi mingi ya sheria ya Kiingereza, na hukumu za zamani za Uingereza husomwa bado na mawakili wa nchi hizi. Tatu kati ya hukumu zifuatazo zilitolewa na Baraza la Malordi, ambalo wakati huo lilikuwa ndiyo mahakama ya juu kabisa ya Uingereza. Ya nne ni ya Marekani.

Hukumu ya kwanza ni ya mwaka 1896, kati ya Reddaway na Banham. Reddaway alikuwa mtengenezaji wa mikanda ya kuendeshea mitambo, na mikanda yake aliiuza kwa jina "Camel Hair Belting", maana yake mikanda ya manyoya ya ngamia. Banham, aliyekuwa zamani mfanyakazi wake, alianzisha biashara yake mwenyewe akauza mikanda kwa jina hilo hilo. Banham alijitetea kwamba mikanda yake ilitengenezwa kweli kwa manyoya ya ngamia. Basi yawezaje kuwa kosa kusema kweli? Baraza la wazee wa mahakama lilikuwa limeona, kwa ushahidi uliotolewa, kwamba katika biashara ile maneno hayo yalikuwa yamekwisha kuwa na maana ya mikanda ya Reddaway, wala si ya mwingine. Malordi wakaamua kwamba hata maneno ya kweli yanaweza kutumiwa kudanganya. Hata hivyo, msomaji azingatie amri yenyewe. Banham hakukatazwa kabisa kutumia maneno hayo. Alikatazwa kuyatumia bila kuonyesha wazi kwamba mikanda yake si ya Reddaway.

Hukumu ya pili ilitolewa mwaka 1899. Kampuni moja ya nguo ilitaka neno "cellular", lililoeleza kitambaa kilichofumwa kwa vitundu vidogo vidogo, liwe lake peke yake. Kampuni hiyo ilishindwa. Malordi walisema kwamba neno la kawaida la lugha linaloeleza kitu kama kilivyo haligeuki upesi kuwa alama ya mwuzaji mmoja, na anayedai kwamba limegeuka ana mzigo mzito wa kuthibitisha. Kutumia neno kwa muda fulani bila mshindani hakutoshi, kwa sababu mtu aliyekuwa peke yake sokoni huenda alijulikana kwa ajili ya bidhaa, si kwa ajili ya jina.

Hukumu ya tatu ni ya mwaka 1946, nayo yafanana zaidi na magomvi ya vyama vidogo. Kampuni mbili za London zilifanya kazi ya kusafisha ofisi. Moja iliitwa "Office Cleaning Services", ya pili ikajiita "Office Cleaning Association". Ya kwanza ilishtaki, ikashindwa. Lord Simonds alieleza kwamba mfanyabiashara anayechagua maneno ya kawaida kuwa jina lake lazima akubali hatari ya watu kuchanganya. Na kwamba mahakama itaridhika na tofauti ndogo kati ya majina mawili ya aina hiyo. Neno moja tu la mwisho lilitosha. Kampuni ya kwanza ilikuwa imechagua jina jepesi, na wepesi huo ndio uliokuja kuigharimu.

Hukumu ya nne ni ya Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani, mwaka 1938, kati ya Kellogg na National Biscuit Company. Chakula cha ngano iliyochambuliwa kiitwacho "shredded wheat" kilikuwa kimelindwa kwa hataza hadi mwaka 1912. Hataza zilipokwisha, Kellogg nayo ikaja kutengeneza chakula hicho na kukiita kwa jina hilo. Mahakama iliamua kwamba jina lilikuwa ni la chakula chenyewe, na kwamba kila mtengenezaji alikuwa huru kulitumia. Wajibu wake ulikuwa mmoja tu: aonyeshe kwa uaminifu kwamba yeye ndiye aliyekitengeneza.

Hukumu hizi nne zikipangwa pamoja zatoa kanuni moja. Sheria haimpi mtu maneno ya kueleza. Humlinda dhidi ya udanganyifu. Anayekwenda mahakamani bila alama iliyosajiliwa atatakiwa kuthibitisha mambo matatu: kwamba ana sifa iliyojengeka kwa wanunuzi, kwamba mshindani amewafanya wanunuzi waamini bidhaa yake ni ya mwenzake, na kwamba ameleta hasara au ataileta. Jina likiwa la kueleza, jambo la kwanza na la pili huwa magumu sana kuthibitisha, na gharama ya mawakili hutoka katika fedha za wanachama.

HATARI YA UPANDE WA PILI

Ingekuwa kosa kudhani kwamba kanuni hii ni adui wa vyama. Mara nyingi ndiyo ngao yao, hasa pale mtu mwenye fedha anapotaka kulifungia kwake neno lililo la wote.

Wasomaji wa Kiswahili wanalijua neno kikoi, vazi la pwani tangu zamani. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili neno "Kikoy" liwe alama yake ya biashara nchini humo. Herufi moja ya mwisho ndiyo iliyobadilishwa, lakini sauti na maana zilibaki zile zile. Kama ombi lingekubaliwa, mfumaji au mwuzaji wa Kenya au Tanzania aliyetaka kupeleka vikoi vyake Uingereza angeweza kuzuiwa kuviita vikoi. Pingamizi liliwekwa kwa niaba ya wafanyabiashara wa Kenya, wakisaidiwa na watu wa Uingereza wanaotetea biashara ya haki. Kufikia mwaka 2008 ombi lilikuwa limeanguka bila kusajiliwa.

Jambo la namna hiyo liliwapata wakulima wa Afrika Kusini, nao walichelewa zaidi. Rooibos ni jina la mmea na la chai yake, na maana yake kwa Kiafrikana ni kichaka chekundu. Neno hilo lilisajiliwa Marekani kuwa alama ya biashara mwaka 1994. Mashauri ya kuliondoa yaliendelea kwa miaka mingi, hadi mwaka 2005 yalipomalizika na neno likarudi kuwa huru. Mwaka 2021 Umoja wa Ulaya uliliandikisha jina hilo kuwa jina la asili linalolindwa, hivyo huko latumika kwa chai itokayo katika maeneo yake ya Afrika Kusini. Tofauti ya vikoi na rooibos yafundisha jambo moja: kuzuia jina lisisajiliwe ni rahisi kuliko kulifuta likiisha kusajiliwa.

Mfano wa tatu wawahusu wana ushirika moja kwa moja. Wakulima wengi wa kahawa wa Ethiopia huuza kupitia vyama vyao na vyama vikuu. Mwaka 2005 serikali ya nchi hiyo iliomba Marekani isajili majina matatu ya kahawa: Sidamo, Harar na Yirgacheffe. Kampuni ya Starbucks ilikuwa imetangulia, mwaka 2004, kuomba kusajili jina lililokuwa na neno Sidamo ndani yake. Chama cha wafanyabiashara wa kahawa cha Marekani kilipinga maombi ya Ethiopia kwa hoja ambayo msomaji wa somo hili ataitambua mara moja: kwamba majina hayo yaeleza tu aina ya kahawa na mahali itokapo. Msajili wa Marekani alikataa kwanza jina Harar, kisha Sidamo. Ethiopia haikukata tamaa. Ilileta ushahidi kwamba wanunuzi waliyajua majina hayo kuwa ni ya kahawa yake. Mwezi Juni 2007 ilitiliana sahihi makubaliano na Starbucks. Na hatimaye majina yote matatu yakasajiliwa.

Yafaa kuangalia kwa nini Ethiopia ilichagua njia hiyo. Ingeweza kuomba alama ya uthibitisho, ambayo huonyesha kwamba bidhaa imetoka mahali fulani na imefikia kiwango fulani. Lakini alama ya namna hiyo hudai ukaguzi wa kila mfuko kutoka shambani hadi bandarini, na kahawa ile hulimwa na wakulima wadogo wengi mno. Kwa hiyo serikali ilijisajilia majina, kisha ikatoa vibali vya kuyatumia bila malipo kwa wanunuzi waliokubali masharti. Hata jina la mahali, basi, laweza kulindwa. Lakini lililindwa kwa ushahidi na kwa subira ya miaka, tena kwa uwezo wa serikali nzima. Chama cha msingi kisitumaini kuifuata njia hiyo kwa chupa zake mia tano.

USAJILI NA MIPAKA YAKE

Makatibu wengi huchanganya mambo matatu yaliyo mbalimbali.

La kwanza ni jina la chama. Hili huandikishwa kwa Mrajis wa Vyama vya Ushirika, nalo hukitambulisha chama. La pili ni jina la biashara, ambalo huonyesha ni nani anayefanya biashara kwa jina hilo. La tatu ni alama ya biashara, nayo ndiyo inayotambulisha bidhaa sokoni na kumpa mwenyewe haki ya kuwazuia wengine. Cheti cha jambo la kwanza au la pili si kinga ya jambo la tatu.

Tanzania Bara alama husajiliwa na BRELA chini ya Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986. Zanzibar ina sheria yake na ofisi yake, na usajili wa upande mmoja hauvuki bahari kwenda upande wa pili. Kenya alama husajiliwa na taasisi iitwayo KIPI. Tanzania Bara usajili wa kwanza hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kila baada ya miaka 10. Kenya ni miaka 10 tangu mwanzo. Kabla ya kusajiliwa ombi hutangazwa, na mwenye pingamizi hupewa siku 60 kulileta. Chama kisichosoma matangazo hayo huweza kupokonywa neno lake kikiwa kimelala.

Jambo moja zaidi lahitaji uangalifu. Msajili huweza kuikubali alama yenye picha, mchoro na maneno kwa sharti kwamba mwenyewe akane haki ya pekee juu ya maneno ya kueleza yaliyomo. Cheti hutolewa, kina muhuri na sahihi, nacho hupigiliwa ukutani katika ofisi ya chama. Lakini kikisomwa chote itaonekana kwamba kilichosajiliwa ni mchoro wa mzinga pamoja na namna ulivyopangwa, wala si maneno "Asali Safi". Chama kilichoshtaki kwa kutegemea mstari wa kwanza wa cheti kitashindwa kwa mstari wake wa mwisho.

HATUA ZA KUCHUKUA

1. Bodi ichague neno la kuazima au la kubuni liwe alama, na maneno ya kueleza yafuate chini yake kwa herufi ndogo. Lebo iseme, kwa mfano, "NANGA", kisha "asali safi ya miombo". Maneno ya chini yanamweleza mnunuzi; neno la juu linakilinda chama.

2. Kabla ya kuchapa lebo, katibu afanye upekuzi katika ofisi ya msajili na kutembelea masoko ambamo bidhaa itauzwa, aone kama neno hilo halijatumiwa kwa bidhaa ya aina hiyo.

3. Ombi la usajili lipelekwe kwa jina la chama, si kwa jina la katibu, mwenyekiti au mchapaji wa lebo. Alama iliyosajiliwa kwa jina la mtu mmoja huondoka naye siku anapoondoka.

4. Katibu afungue jalada la alama. Ndani yake ziwekwe lebo za kila mwaka, nakala za stakabadhi za mauzo, barua za wanunuzi, matangazo na tarehe ya siku alama ilipotumiwa mara ya kwanza. Mali bila daftari hupotea bila habari, na sifa njema ni mali kama mali nyingine. Banham alishindwa kwa sababu Reddaway aliweza kuleta ushahidi.

5. Mshindani akitokea, kwanza inunuliwe chupa yake na stakabadhi itunzwe. Kisha bodi ijiulize: je, ametumia maneno ya wote tu, au ameiga pia rangi, mchoro na mpangilio wa lebo? Kosa la kwanza si kosa. La pili laweza kuwa udanganyifu.

6. Kama ubaya uko katika bidhaa yenyewe, kwa mfano asali iliyotiwa sukari ikaitwa safi, malalamiko yapelekwe kwa Shirika la Viwango. Hilo si shauri la jina, na halihitaji chama kithibitishe kwamba maneno ni yake.

7. Pasiwe na shauri la mahakamani kati ya vyama ndugu kabla chama kikuu hakijawakutanisha.

KURUDI KWENYE MFANO

Sasa katibu wa chama cha asali anaweza kuujibu mkutano. Chama jirani hakikuiba kitu: kilisema asali yake ni safi, na ni safi kweli. Kukishtaki kungekuwa ni kutumia fedha za wakulima wa huku kuwafilisi wakulima wa huko, na mahakama ingeridhika na tofauti ya neno moja katika lebo. Mfanyabiashara wa maji ya sukari ana kosa, lakini kosa lake ni kusema uwongo juu ya kilichomo ndani ya chupa. Dawa yake ni wakaguzi wa viwango. Akiwa ameiga na lebo pia, jalada la alama litamwonyesha wakili mahali pa kuanzia.

Njia iliyo bora kwa vyama vyote viwili ni kukutana chini ya chama kikuu, kuchagua neno moja lisiloeleza, kulisajili, na kuweka kanuni za ubora ambazo kila chama kitakachotumia alama hiyo lazima kizifuate. Asiyezifuata anyang'anywe kibali. Kwa mwaka mmoja au miwili "Asali Safi" na neno jipya yakae pamoja katika lebo, ili wanunuzi wa zamani wasipotee. Baadaye neno jipya likue na la zamani lipungue.

Wapo watakaosema kwamba kizuri chajiuza, na kwamba asali njema haihitaji jina la kigeni. Ni kweli kwamba kizuri hujiuza, ila sharti mnunuzi aweze kukitambua siku anaporudi dukani. Mnunuzi aliyeonja asali njema akaikuta rafu imejaa chupa saba za "Asali Safi" hana njia ya kuwalipa waliomfanyia kazi njema. Wanachama waliosafisha mizinga kwa miaka sita watakosa malipo yao, si kwa sababu kazi yao haikuonekana, bali kwa sababu haikuwekewa alama.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Yaandikeni majina yote ya bidhaa za chama chenu. Kila moja limo katika ngazi gani kati ya zile nne?

2. Banham alisema kweli juu ya mikanda yake na bado alishindwa. Kampuni ya "Office Cleaning Services" ilitangulia kutumia jina lake na bado ilishindwa. Elezeni tofauti ya mashauri hayo mawili.

3. Katika chama chenu ni nani anayetunza lebo za zamani? Kama ofisi ingeulizwa leo siku alama ilipotumiwa mara ya kwanza, ingejibu kwa karatasi gani?

4. Kama mtu angeomba kusajili jina la zao au la kijiji chenu liwe lake, chama kingepata habari kwa njia gani, na kingeweza kufanya nini ndani ya siku 60?

5. Ni maneno gani matatu yasiyoeleza bidhaa yenu ambayo wanachama wangekubali kuyaona katika lebo? Yapigieni kura, kisha katibu apewe wajibu wa kufanya upekuzi kabla ya mkutano ujao.